Vipepeo Waliolazwa Mahali pa Joto

Tangu alipoolewa kijijini Bamgol, Bunrye hakuwahi kupulizia kabichi zake dawa. Asubuhi za Septemba, akitoka kanisani kwenye sala ya alfajiri, alivaa buti za mpira, akachukua kopo tupu la rangi na vijiti vya kulia vilivyopinda, akapita mstari kwa mstari akifunua majani. Akimwona kiwavi wa kijani alimbana kwa vijiti na kumtia koponi. Kopo likishakuwa na wengi aliwamwagia maji ya moto. Hakufanya hivyo kwa chuki. Alifanya kama mtu anavyofagia ua.

Kabichi zile zilikuwa za kimchi. Kila Novemba wanawake wa kanisa walikusanyika uani kwake, wakazilaza kabichi kwenye chumvi, wakazipaka pilipili na vitunguu saumu, kisha wakazipeleka kwa wazee wanaoishi peke yao hadi kule milimani. Bunrye alikuwa shemasi, na msimamo wake ulikuwa kwamba chakula cha mjane hakipuliziwi sumu.

Mwaka ule mumewe, Jongpil, alimtazama akifanya kazi hiyo kutoka barazani. Mwezi wa Julai alipatwa na kiharusi kilichomwachia upande wa kushoto tu. Kabla ya hapo trekta lake ndilo lililolima mashamba yote ya Bamgol, na mdomo wake ndio uliochekesha watu wakati wa kupanda mpunga. Hospitali walimrudisha nyumbani Agosti, wakamweleza Bunrye bila kuzungukazunguka: mguu wa kulia bado una uhai, lakini asipoutembeza kila siku utanyauka, na ukinyauka atalala kitandani mpaka mwisho wake. Walimpa fimbo yenye miguu minne. Jongpil akaifanya ya kuanikia taulo.

"Baba Hyonsuk, inuka tuzunguke ua mara moja tu."

"Ua haujaenda popote. Nauona kutoka hapa."

"Daktari amesema..."

"Daktari ana miguu miwili mizima. Mwambie azunguke yeye."

Hyonsuk alikuwa binti yao, mwalimu huko Incheon. Alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili baba yake alisema hajambo, akarudisha simu kwa mama.

Bunrye hakuombea mkono wa kulia upone. Aliwahi kuwaona waliopona na waliokufa, na alijua hayo si yake kuyapanga. Alfajiri za Agosti hiyo alipiga magoti kwenye mto wake wa kanisani, akasema, "Bwana, mpe kitu cha kutaka. Chochote. Mimi sitachagua." Mtu akiomba hivyo awe tayari, maana Mungu naye huchukua neno kama lilivyosemwa.

Siku moja Bunrye aliliacha kopo ukingoni mwa baraza akaenda kupokea simu. Kiwavi mmoja akatoka koponi, akavuka ubao, akaanza kupanda nguzo. Jongpil alikuwa hana la kufanya, akamtazama. Kiwavi alipanda, akasimama, akashuka kidogo, akapanda tena. Mchana alijibandika kwenye mbao, kisha akazungusha uzi mwembamba kiunoni mwake, huku na huku, akajifunga kama trekta linavyofungwa kamba juu ya lori. Jongpil alikuwa amefunga matrekta mengi. Aliona kwamba kazi ile ilikuwa safi. Kesho yake hapakuwa tena na kiwavi, palikuwa na kifuko kigumu chenye pembe ndogondogo, rangi ya majani makavu.

Bunrye alipokuja na ufagio, mumewe alisema, "Mama Hyonsuk, usifagie nguzo hii."

Alisimama na ufagio mkononi. Hilo lilikuwa jambo la kwanza alilotaka tangu Julai.

Siku zikapita, kifuko kikapasuka, akatoka kipepeo mweupe mwenye madoa meusi. Alikaa juu ya goti la Jongpil, lile la kulia lisilosikia, akikausha mabawa.

"Kumbe ndio hawa," alisema Jongpil.

"Ndio hawa nini?"

"Wanaokula kabichi yako."

"Nimpige?"

"Thubutu uone."

Kuanzia hapo alidai apewe kopo kabla ya maji ya moto. Bunrye alimpa. Jongpil aliwaweka viwavi kwenye kreti ya kubebea tufaha aliyoifunika kwa wavu wa mbu, akawalisha majani ya nje ya kabichi, akisafisha kinyesi chao kwa brashi kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni brashi ilikwenda kombo. Baadaye ikanyooka. Bunrye aliweka sharti moja tu: hapana kuachia kipepeo bustanini kabichi zikiwa bado ardhini.

"Ukimwachia hapa atataga mayai hapa hapa. Utakuwa unampa shetani vibarua, Baba Hyonsuk."

"Shetani hana haja na kabichi. Angeipenda kimchi, pilipili ipo."

Oktoba ilipoendelea, viwavi wote walijifunga kwenye vifuko, na hakuna aliyetoka. Jongpil aliwangoja, akakasirika, akanuna. Alidhani wamekufa. Jumapili ile simu ilipolia, hakusema hajambo. Alisema, "Hyonsuk, wewe ni mwalimu. Kwa nini hawatoki?"

Hyonsuk akashangaa, akacheka, akaenda kuuliza wenzake wa sayansi, akapiga tena jioni. Akasema na wote wawili simu ikiwa kwa sauti kubwa. Hawajafa, alisema. Wanaojifunga siku zikiwa fupi hulala majira yote ya baridi na kutoka Aprili. Kreti ibaki nje barazani, pasipopigwa na jua. Baridi ndiyo saa yao. Wakishapata baridi ya kutosha, joto likija, wanajua ni wakati.

"Kwa hiyo mama, usiwaingize ndani. Umesikia?"

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Jongpil alingoja simu ikatwe. Kisha akasema, "Aprili nitawaachia mimi mwenyewe. Pale mwisho wa bustani, penye ukuta wa mawe. Kabichi hakuna wakati huo, huna la kulalamika."

"Sina."

"Na nitakwenda kwa miguu yangu. Sitaki kubebwa kama gunia la mpunga."

Bunrye aliogopa kwamba akitia neno, jambo lile litavunjika. Kesho yake alipotoka kanisani alikuta taulo limetupwa sakafuni na fimbo haipo mahali pake.

Majira ya baridi yakawa ya kutembea. Kwanza kutoka godoro hadi mlango. Kisha hadi barazani, kwenye kreti, kuwahesabu walalaji, na kurudi. Jirani yao, ambaye wote tulimwita Mama Jecheon kwa kuwa aliolewa kutoka huko, alikuja na viazi vitamu vya kuchoma akamwona.

"Mzee anatembea kama bata aliyekunywa pombe ya mchele!"

"Afadhali bata," alisema Jongpil akihema. "Wewe miaka yote unatembea kama trekta lisilo na mafuta, na bado nilikulimia."

"Ulinilimia kwa kupinda. Mistari yangu yote inaelekea kwa jirani."

"Nilifuata macho yako."

Bunrye, aliyekuwa jikoni, aliuma kitambaa cha sahani asicheke kwa sauti. Mdomo wa mumewe ulikuwa umerudi kabla ya mguu.

Mwishoni mwa Januari ilikuja baridi ambayo hata wazee wa Bamgol waliizungumzia. Bomba la uani likapasuka. Mtungi mmoja wa mchuzi wa soya ulipata ufa kutoka mdomoni hadi kitakoni. Baraza likawa kioo cha barafu, na Bunrye akamkataza mumewe kuvuka kizingiti. Asubuhi moja alimkuta kuku wake wa madoadoa amelala bandani, mgumu kama kuni.

Siku hiyo, kabla ya giza, alitoka kufunika mitungi kwa majani ya mpunga. Akapita penye kreti. Wavu ulikuwa umeganda. Aliugusa ukalia kama karatasi. Ndani, vifuko vilikuwa vimeshikamana na mbao, vidogo, vimekauka, bila dalili yoyote ya uhai. Alikumbuka maneno ya Hyonsuk. Lakini Hyonsuk alikaa kwenye ghorofa lenye joto huko Incheon, na hakuwa amemshika kuku yule.

Kwetu sakafu hupashwa moto kwa chini, na kila chumba kina mahali pake pa joto, pale karibu na jiko. Mahali hapo si pa kukaa mtu yeyote tu. Hupewa mgeni anayeheshimiwa, mgonjwa, mwanamke aliyejifungua. Mume akichelewa safarini, bakuli lake la wali huwekwa hapo chini ya blanketi ili asile cha baridi. Bunrye alizaliwa juu ya sakafu kama hiyo, akajifungua juu yake, akamfumba macho mama mkwe wake juu yake. Hakuwa amejifunza njia nyingine ya kumwambia mtu, au kitu, kwamba anakijali.

Akabeba kreti hadi chumba cha nyuma, paliponing'inizwa matofali ya soya iliyopondwa ili yachachuke, akaiweka mahali pa joto, akaifunika blanketi. Alisema moyoni, ni mpaka baridi ipungue tu.

"Wapo?" aliuliza Jongpil kila asubuhi, akitembea kutoka ukuta hadi ukuta chumbani mwake.

"Wapo."

Hakusema uongo. Wala hakusema kweli yote.

Baridi ilipopungua, Bunrye aliinua blanketi, akawaona wametulia, akasema waache wapumzike mpaka mwaka mpya wa kalenda ya mwezi upite. Mtu akishamlaza mgeni mahali pa joto, ni vigumu kumwambia sasa toka nje.

Mwaka mpya ukapita, supu ya vipande vya mkate wa mchele ikaliwa. Siku chache baadaye, akiwa ametoka kwenye sala, Bunrye aliingia chumba cha nyuma kuchukua tofali la soya, na kitu cheupe kikamkalia kwenye mkono wa sweta.

Akatupa blanketi pembeni. Wavu ulikuwa na pengo kwenye kona. Vipepeo wawili walikuwa nje ya vifuko. Mmoja mkononi mwake, mwingine amening'inia kwenye kamba ya soya, mabawa bado yamekunjamana. Kifuko cha tatu kilikuwa chembamba kama ganda la kitunguu, na mle ndani yalionekana madoa meusi ya mabawa. Huyo naye alikuwa njiani. Nje ya dirisha theluji ilifika magotini. Katika chumba cha nyuma ilikuwa Aprili, na katika dunia nzima iliyobaki ilikuwa Februari.

Alikaa chini. Akilini alimwona mumewe akiiegemeza fimbo ukutani, akitundika taulo juu yake.

Vidole vyake vilijua kazi. Kubana mara mbili, kufungua mlango wa jiko, basi. Waliobaki angewarudisha barazani, na hao wawili angesema baridi ndiyo iliyowaua.

"Bwana," alisema, "nilikuomba umpe kitu cha kutaka, ukampa. Nami nimekiharibu kwa blanketi langu mwenyewe." Alingoja kidogo. Hakupata jibu, ila alikumbuka kwamba hakuwa amevaa soksi, na kwamba mara nyingi mtu akiwa na fadhaa humwendea jirani kabla ya kumaliza sala. Akainuka, akatoka. Mlango wa kuteleza hakuuvuta hadi mwisho.

Mama Jecheon alikuwa akimenya vitunguu saumu. Alimtazama akaacha kisu.

"Mzee amefariki?"

"Vipepeo wametoka."

"Ee! Ndilo la kunisimamisha moyo hilo?"

Bunrye akamweleza. Mama Jecheon alisikiliza, akasukuma bakuli la vitunguu pembeni.

"Hilo jepesi. Mwambie baridi imewaua. Baridi ya mwaka huu imeua hata bomba. Nani atabisha?"

"Ni uongo."

"Ni uongo mdogo, dada. Upana wa jani moja."

"Jani moja huwa na mayai chini yake."

"Haya, shemasi. Basi kaungame." Mama Jecheon alichukua tena kisu. "Ila nami nakuja kusikiliza. Nikimaliza vitunguu hivi."

Bunrye alirudi nyumbani polepole. Alipanga maneno njiani, na yote yakampotea alipousukuma mlango wa chumba cha mumewe, ambao nao ulikuwa wazi kidogo. Jongpil alikuwa ameketi kwenye godoro, mgongo wima, akitazama televisheni iliyozimwa. Juu ya televisheni kulikuwa na kipepeo mweupe akifungua na kufunga mabawa.

"Mama Hyonsuk," alisema bila kugeuka, "nilidhani nimeshakufa."

"Usiseme hivyo!"

"Nimefumbua macho, namwona huyu. Nikasema, haya, nimefika huko. Nikangoja malaika. Kisha nikasikia kibofu kimejaa, nikajua bado niko Bamgol." Sasa akamgeukia. "Ametoka wapi?"

"Chumba cha nyuma."

"Amefikaje chumba cha nyuma?"

"Nilimweka mimi. Niliwaweka wote. Mahali pa joto."

Jongpil alifumba macho.

"Nilikwambia wakae nje."

"Uliniambia."

"Hyonsuk alikwambia."

"Aliniambia."

"Na kila asubuhi nakuuliza, unasema wapo!"

"Walikuwepo. Kuku alikuwa amekufa, Baba Hyonsuk. Wavu ulikuwa umeganda barafu. Ningewaachaje?"

"Miaka arobaini unawamwagia maji ya moto, leo ndio unawaonea huruma?"

"Wale walikuwa wa kabichi," alisema Bunrye. "Hawa ni wako."

Upande uliokufa wa mdomo wa mumewe ulitikisika kidogo, kama mtu anayetafuna kitu kisicho na ladha. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya fimbo, na Bunrye aliutazama mkono ule. Alijua kwamba ukiiacha fimbo, yeye hana neno la kuurudisha.

"Wametoka wangapi?"

"Wawili. Wa tatu yuko karibu."

"Na wengine?"

"Wamelala bado."

"Wamelala wapi?"

"Palepale."

"Palepale kwenye moto? Na wewe umesimama hapa unalia?" Sauti yake ilikuwa ile ya shambani, ya kushinda injini. "Wakiendelea kukaa hapo kesho watakuwa wote nje! Lete viatu!"

"Nitawatoa mimi, ni sasa hivi..."

"Wewe? Ukisikia upepo tu utawarudisha chini ya blanketi. Viatu!"

Barazani hakutaka kuwarudisha. Jua la mchana lilikuwa limeanza kufika pale, alisema, litawachanganya. Alitaka kijumba cha kimchi, kule mwisho wa bustani, kibanda cha majani ya mpunga ambamo mitungi imezikwa ardhini hadi shingoni.

"Humo baridi haipandi wala haishuki. Kimchi yako imewahi kuchacha kabla ya wakati?"

"Haijawahi."

"Basi."

Lakini mtu mwenye mkono mmoja, na mkono huo umeshika fimbo, hawezi kubeba kreti. Walitazamana. Bunrye akafungua kabati, akatoa mbeleko iliyombeba Hyonsuk, ya pamba, yenye mikanda mirefu. Akamtoa wa tatu kwenye kreti na ubao wake, maana huyo alishachelewa kurudi kulala, akaifunga kreti mgongoni mwa mumewe, akazungusha mikanda kifuani na kuikaza.

"Kaza. Inalegea."

"Usipumue kwanza."

Mzee wa miaka sabini na miwili akatoka nje na mbeleko. Bunrye alitangulia kumwaga majivu ya jiko juu ya barafu, kisha akarudi nyuma yake, mikono imeinuliwa karibu na kiuno chake bila kumgusa. Baraza walilivuka vizuri. Kwenye ngazi Jongpil alikaa, akateremka kwa makalio, akainuka tena kwa kushika nguzo. Uani alikuwa hajafika tangu alipotoka hospitali. Penye bomba lililopasuka mguu wa kulia ulikataa. Alisimama akiuongelesha kama ng'ombe wa jembe: "Twende. Twende, mvivu wewe. Mwenzako amefika, wewe unangoja kuimbiwa?" Ukaenda. Uliburuta theluji na kuacha mfereji, lakini ulikwenda.

Bunrye aliomba bila kutoa sauti, na sala yenyewe haikuwa na maneno ya kanisani. Ilikuwa: usianguke, usianguke, usianguke.

Kijumba kilikuwa na mlango mfupi. Jongpil aliinama, akaingia, akaketi juu ya kifuniko cha mtungi. Bunrye alimfungua mikanda. Yeye mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, aliisukuma kreti katikati ya mitungi, akaugusa udongo kando yake kwa kiganja, kama mtu anayepima paji la uso la mtoto. Akatikisa kichwa kukubali.

"Hapa," alisema. Halafu akajaribu kuinuka, asiweze.

Alijaribu tena. Bunrye alimshika makwapa. Wote wawili walirudi chini juu ya mtungi, na hapo ndipo Mama Jecheon aliposimama mlangoni, ananuka vitunguu saumu.

"Nimekuja kusikia maungamo," alisema, "nakuta mmeleta mbeleko. Huyo mtoto yuko wapi?"

Walimrudisha kwa mkokoteni wa kubebea kabichi, Mama Jecheon akivuta na Bunrye akisukuma.

"Nilisema sitaki kubebwa kama gunia," alilalamika Jongpil, amekunja magoti, theluji kofiani.

"Ulisema wakati wa kwenda," alijibu mkewe. "Kurudi hukutaja."

"Na gunia halina maneno mengi hivi," alisema Mama Jecheon.

Vipepeo watatu walikaa nao chumbani. Walinyonya maji ya asali kwenye pamba. Bunrye alikata moyo wa kabichi iliyokuwa imeanza kupasuka ghalani, akauweka kwenye sahani ya maji, ukatoa maua ya manjano, nao wakayapenda zaidi ya asali. Walikufa mmoja mmoja kabla ya Machi, wala Jongpil hakusema mengi juu yao. Alikuwa na safari. Kila siku baada ya chakula cha mchana alivaa viatu, akaenda kijumba cha kimchi kuona kwamba hakuna aliyetoka. Mara ya pili alikwenda na kurudi bila mkokoteni, akalala hadi jioni. Baadaye hakulala. Bunrye alizoea kumwaga majivu kila asubuhi, na theluji ilipoyeyuka aliendelea kuyamwaga mpaka mumewe akamwambia anachafua viatu.

Aprili wakatoka. Si wote. Vifuko kadhaa vilibaki vimekauka, na haikujulikana kama ni kwa sababu ya moto wa sakafu au baridi au jambo lingine alijualo Muumba wao. Waliotoka waliwekwa kwenye kreti mpaka asubuhi yenye jua, Jongpil akaipeleka kreti hadi ukuta wa mawe, akavuta wavu. Hawakuruka mara moja. Walikaa ukingoni wakifungua mabawa. Kisha mmoja akaenda, na wengine wakafuata, wakavuka ukuta, wakavuka barabara, wote wakateremkia kwenye haradali ya Mama Jecheon iliyokuwa imechanua.

"Mungu ni mwema," alisema Bunrye, ambaye miche yake mipya ya figili ilikuwa imeota upande huu wa barabara.

Jongpil hakucheka. Alikunja wavu, akaukunja tena, akausukuma ndani ya kreti tupu, na jioni ile alikula kidogo. Bunrye aliosha vyombo akisikiliza. Kutoka chumbani hakukusikika mlio wa fimbo sakafuni. Alichokitaka mumewe kilikuwa kimeruka barabara, na yeye mkewe hakuwa na kingine cha kumpa.

Alfajiri alisali sala ile ile ya Agosti, neno kwa neno, kwa sababu hakujua nyingine.

Alipofika nyumbani godoro lilikuwa tupu. Fimbo haikuwepo, viatu havikuwepo. Alikimbilia kijumba cha kimchi, hakuna mtu. Alikimbilia ukuta wa mawe. Hapo ndipo aliposikia sauti kutoka ng'ambo ya barabara.

"Wiki moja tu! Nimeomba wiki moja!"

"Mzee, hiyo ni haradali yangu! Nina pampu ya dawa mgongoni hapa, nimeshachanganya!"

"Mwaga!"

"Nimwage! Utanilipa wewe?"

"Wametaga jana kutwa wale, bado hawajamaliza. Wiki moja, kisha nitakuja mwenyewe kila asubuhi niwaokote viwavi mpaka wa mwisho. Kwa mkono huu. Jani kwa jani."

"Kila asubuhi? Wewe bata, utavuka barabara kila asubuhi?"

"Leo nimevukaje?"

Bunrye alisimama penye lango. Kutoka pale aliona kofia ya mumewe juu ya maua ya manjano, na fimbo ikiinuliwa hewani kuonyesha upana wa shamba, maana yake alikuwa amesimama bila kuiegemea. Mama Jecheon alikuwa bado anapiga kelele, lakini pampu alikuwa ameitua chini.

Hakuvuka kwenda kuwasuluhisha. Aliingia ndani, akaosha mchele, akaongeza kikombe, kwa sababu mtu anayegombana asubuhi na mapema hurudi na njaa.